Fundi Majibu na Pini Mdomoni

Kama wahojiwa nao wangekuwa wanapewa tiki ya bluu, yeye angekuwa nayo zamani sana. Mtaa mzima ulimwita Fundi Majibu. Kushona alishona kweli, usimdharau: sare za shule, mapazia, suruali za wazee waliopungua na za vijana waliojisahau wakanenepa. Lakini sifa iliyomtangulia haikuwa ya uzi, ilikuwa ya mdomo. Ukiingia mtaani na begi mgongoni, fomu mkononi na sura ya mtu aliyeshushwa kituo si chake, huna haja hata ya kuuliza njia. Muuza nyanya wa pale kona anakunyooshea kidole kabla hujamsalimia.

"Utafiti, siyo? Nyoosha hivyo hivyo. Mlango wa kijani. Utasikia cherehani."

Na kweli utaikuta inalia. Nyuma yake amekaa mama wa miaka arobaini na sita, tepu shingoni, pini kwenye mto mdogo aliofunga kifundoni mwa mkono. Ukutani kalenda nne za mashirika manne, zote za miaka iliyokwisha kufa na kuzikwa. Fulana saba za miradi saba. Ile iliyoandikwa "Pamoja Tunaweza" ndiyo anafutia mafuta ya cherehani.

"Karibu, mwanangu. Sogeza hizo sare ukae. Wewe ni wa maji, wa afya au wa akina mama?"

"Wa... akina mama."

"Haya. Wa akina mama ni saa nzima. Ngoja nimalize kola hii kwanza."

Sasa usidhani alizaliwa hivyo. Miaka tisa nyuma, mtafiti wa kwanza kabisa alipokuja, alimjibu ukweli mtupu. Kijana wa watu aliuliza kuhusu mafunzo ya sabuni: shirika lilikuwa limewafundisha wanawake arobaini wa mtaa kutengeneza sabuni. Fundi akasema, "Tulijifunza vizuri sana. Sasa wote tunauza sabuni. Nani anunue?" Kalamu ikasimama. Kijana akamtazama kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Fundi akamwonea huruma. Akamwangalia shati lake lilivyomkaa vibaya mabegani, akajua huyu hana hata mtu wa kumwambia ukweli, akaongeza kidogo, "Lakini tumepata umoja."

Weee! Kalamu ikakimbia mpaka ikatoboa karatasi.

Basi huruma ndiyo iliyomponza. Tangu siku hiyo akawa hasikilizi swali, anatazama kalamu. Ikikimbia, anaongeza, ikisimama, anakata. Na jicho la fundi alikuwa nalo, yule ambaye mteja akiingia tu anajua kiuno chake kabla ya kushika tepu. Viatu vya vumbi? Huyu anatafuta shida, mpe shida. Viatu vinang'aa? Huyu katumwa na bosi, mpe mafanikio. Viatu vimepasuka pembeni? Huyu mwanafunzi, mpe chai kwanza halafu mpe vyote viwili achague mwenyewe.

Mwenyekiti wa mtaa aliligundua hilo akashukuru Mungu. Watu wake hawakuwa na muda: wengine sokoni, wengine wanafua nguo za watu, wengine viwandani. Fundi alikuwa pale pale, amekaa, hakimbii. Kwa hiyo simu ya mtafiti ikilia, Mwenyekiti alikuwa anachungulia tu mlango wa kijani.

"Fundi, wanataka mjane."

"Lini?"

"Kesho saa nne."

"Sawa. Niletee kitambaa cheusi, nina cha bluu tu."

Hivyo ndivyo Fundi Majibu alivyowahi kuwa mjane, mama wa watoto wanane, makamu mwenyekiti wa kikundi cha vijana, na mara moja, kwa njia ya simu, akiwa na mafua makali, mzee wa kiume wa miaka sitini na moja. Watafiti walikuwa tofauti, mashirika tofauti, miaka tofauti. Nani angejua?

Mumewe ndiye wa kwanza kuugundua mchezo huo, maskini. Alikuwa dereva wa lori, mtu wa safari ndefu. Siku moja karudi, kaoga, kakaa mlangoni na kikombe chake cha chai, akatokea kijana mmoja amebeba mfuko wa sukari na uso wa matanga.

"Shikamoo mzee. Nimekuja kumpa mama pole. Tangu anihadithie habari za marehemu sijalala vizuri."

"Marahaba. Marehemu yupi?"

"Mumewe."

Dereva akapokea sukari. Akageuka kumtazama mkewe, aliyekuwa ameinama chini ya cherehani anatafuta sindano ambayo haikuanguka.

"Alikufa kwa nini, marehemu?"

"Lori lilipinduka," kijana akanong'ona.

"Masikini. Kwani alikuwa hajui kuendesha?"

"Alijua. Ila mama anasema alipenda sana usingizi."

Chai ilimpalia Dereva mpaka kijana akaanza kumpiga mgongoni. Tangu siku hiyo kila akiondoka safari alikuwa anaaga kwa sauti mtaa usikie: "Haya, marehemu anaondoka! Mtakuja kunifukua Jumamosi!"

Unacheka. Na wao walicheka. Sasa tulia, tunafika kwenye kitu kilichoondoa kicheko.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wa kijani, kulikuwa na Chumba cha Watoto. Shirika moja lilikifungua miaka minne nyuma. Kilikuwa chumba kimoja kirefu, sakafu ya saruji, magodoro membamba yaliyokunjwa kando, ndoo mbili zenye mifuniko, walezi wawili, na ukutani misumari ishirini na sita yenye vikombe ishirini na sita. Kila kikombe kilifungwa kipande cha kitambaa ili mtoto ajue chake. Vitambaa vyenyewe vilikuwa vibaki vya Fundi. Chenye maua mekundu kilikuwa cha mjukuu wake wa miaka mitatu, ambaye nyumbani walimwita Bosi kwa sababu alikuwa hatumwi, anatuma.

Mama yake Bosi, binti pekee wa Fundi, alikuwa mwaka wa mwisho chuo cha uuguzi. Asubuhi anamvusha mtoto barabara, jioni anamchukua. Chumba kikiwepo, chuo kipo. Chumba kisipokuwepo, binti anarudi nyumbani kulea. Hesabu ni hiyo tu, haina kujumlisha mara mbili.

Utasema, si bibi yupo dukani hapo? Alikuwepo, ndiyo. Akiwa na mikasi mitatu, pasi ya mkaa na pini zinazodondoka kama mchele. Lakini hata ungeziondoa zote hizo, Fundi asingekubali kuachiwa mtoto. Alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo alikuwa hajaisema kwa mtu.

Jumatatu moja Mwenyekiti akaita watu mbele ya Chumba cha Watoto, akavaa miwani, akasoma barua ya shirika. Walishukuru. Walipongeza. Na kwa furaha kubwa walitangaza kwamba chumba kitafungwa mwisho wa mwezi, kwa kuwa tafiti mbalimbali zimeonyesha jamii hii imefika hatua ya kujitegemea katika malezi.

"Kama alivyoeleza mhojiwa mmoja," Mwenyekiti akasoma, sauti ikaanza kupungua kama redio yenye betri mbovu, "'Hata chumba kilipofungwa wiki mbili kutengenezwa paa hatukuhangaika. Hapa kwetu mtoto wa jirani ni wako. Nguo ni pindo, mtu ni jirani.'"

Vichwa vikageuka, kimoja baada ya kingine, kama alizeti. Maana duniani kote kulikuwa na mtu mmoja tu aliyesema "nguo ni pindo, mtu ni jirani." Alikuwa ameutunga mwenyewe msemo huo, akaupenda, akawa anauchomeka kila mahali kama kifungo cha ziada.

"Mama," binti yake akamwambia taratibu, Bosi kiunoni. "Ni wewe?"

Fundi akaanza kumfunga Bosi kifungo ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

Picha ya barua ikaingia kwenye grupu la mtaa kabla Mwenyekiti hajavua miwani. Mwenzenu mmoja akaandika, "Tumefaulu mtihani mpaka tumefukuzwa shule." Mwingine akatuma sauti ya dakika tatu ya kulaumu, ambayo hakuna aliyeisikiliza mpaka mwisho. Lakini chini kabisa ya barua kulikuwa na mstari mmoja mdogo: kabla ya kufunga, mtafiti wa mwisho angekuja kuandika "simulizi za mafanikio".

Jioni ile ile duka likajaa.

"Safari hii lia," akasema muuza nyanya, bila hata kuketi. "Sikia shoga, lia mpaka kamasi. Mwambie tunakufa."

"Sema watoto watalala barabarani," akadakia dobi, mama mwenye mikono iliyokunjamana kwa maji ya watu. "Wewe si ndiye uliyetuua kwa utamu? Tufufue kwa uchungu."

Mlangoni alikuwa amesimama muuza mkaa, mama mwembamba aliyekuwa anaongea maneno manne kwa wiki. Walimwita Mama Kimya. Mtoto wake pia alikuwa na kikombe kwenye msumari, chenye kitambaa cha mistari. Alimtazama Fundi, halafu akainua gunia lake akaenda zake.

Fundi akaumaliza usiku kichwani akikata na kushona kilio. Asubuhi alikuwa na vazi zima tayari: sauti ya kukwama hapa, kufuta macho pale, msemo ule mwishoni.

Mtafiti akaja saa tatu. Dada wa kama miaka thelathini, begi limevimba. Fundi akashusha macho kwenye viatu vyake haraka haraka. Raba za kawaida. Si chafu, si safi. Ebo!

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Sogeza sare."

Dada akakaa, akatoa sketi kwenye begi. "Kabla ya yote, hii pindo imefumuka. Nimeibana na stapla tangu Ijumaa."

"Na stapla!" Fundi akaguna kwa uchungu wa kweli. "Mwanangu, hata nguo ina heshima yake. Lete."

Kinasa sauti kidogo kikawekwa mezani kati ya mkasi na kopo la vifungo, taa yake nyekundu imewaka. Hakutoa kalamu. Hakutoa daftari. Akasoma fomu ya ridhaa, yote, mpaka mahali panaposema mhojiwa ana haki ya kutojibu swali lolote.

"Kutojibu?" Fundi akacheka. "Sasa mimi nitabaki na kazi gani?"

Dada akatabasamu. Akauliza swali moja: maisha yatakuwaje chumba kikifungwa? Halafu akanyamaza.

Fundi akaanza. Akakwama pale pa kukwama. Akafuta macho. Akainua kichwa kutafuta kalamu ajue aongeze au akate, hakuna kalamu. Akaongeza kidogo, kama mtu anayeweka chumvi gizani. Dada katulia tuli. Akaongeza tena. Watoto wakalala barabarani. Binti akaacha chuo. Mvua ikanyesha. Akafunga na msemo wake, na hata yeye mwenyewe akaona mshono umekaa upande.

Dada akafungua lile begi lililovimba, akatoa ripoti sita, akazipanga juu ya sare za watu. Kila moja ilikuwa na ukurasa uliokunjwa, na kila ukurasa ulikuwa na mstari uliopakwa kalamu ya njano.

"Huyu mjane," akasema, kidole kwenye ya kwanza. "'Nguo ni pindo, mtu ni jirani.' Huyu kiongozi wa vijana, miaka ishirini na saba. 'Nguo ni pindo.' Mama wa watoto wanane. Mstari ule ule. Na huyu mzee wa miaka sitini na moja, mwanamume." Akainua macho. "Mama, mwanzoni nilidhani ni methali ya huku. Nikamuuliza Mwenyekiti. Akaanza kukohoa."

Mguu wa Fundi ulikuwa juu ya kanyagio lakini cherehani haikwenda.

"Yule mzee," akasema hatimaye, "nilikuwa na mafua."

Wakatazamana. Dada ndiye aliyeanza, akaziba mdomo, ikashindikana, na Fundi akafuata, wakacheka mpaka kopo la vifungo likamwagika na muuza nyanya akachungulia kuona ni kilio cha aina gani hicho. Lakini kicheko kilipokwisha, mambo yalikuwa pale pale, na taa nyekundu ilikuwa bado inawaka. Dada akaizima.

"Nikiandika kwamba hawa wote ni mtu mmoja, wanaweza kukifunga chumba kwa hasira. Nisipoandika, watakifunga kwa furaha."

"Kwa hiyo kinafungwa tu."

"Labda nipate watu wengine. Watu wenyewe. Wewe usiwepo."

"Usiwepo wapi? Hapa ndipo penye benchi!" Na ilikuwa kweli, mchana wanawake wote wanapopumzika hakukuwa na kivuli kingine cha kukaa. "Nitakaa hapa hapa. Nitashona sketi yako. Nitanyamaza."

Dada akamtazama kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyeahidi kulinda mchicha.

Fundi akaelewa. Akachukua mto wa pini kifundoni, akachomoa moja akaiweka katikati ya midomo. Akachomoa ya pili. Ya tatu. Alipofika pini tisa, zimejipanga kama meno ya samaki, akainua nyusi: umeridhika?

Kesho yake mchana wakaja watano. Dada akasoma fomu, akawasha kinasa sauti, akauliza swali lile lile. Na wote watano, kama waliopanga, wakageuka kumtazama Fundi.

"Mmh," akasema Fundi kwa pini.

"Sema basi," muuza nyanya akamhimiza.

"Mm-mh."

"Leo ataongea nani sasa?" dobi akauliza, na woga ukaonekana kweli usoni, maana miaka tisa walikuwa hawajawahi kuulizwa.

Dada akanyamaza. Kumbe ndiyo kazi yake aliyosomea, kunyamaza. Lori likapita. Kuku akaingia, akatoka. Mwishowe muuza nyanya, ambaye kimya humuwasha kama upupu, akalipuka.

"Haya, mimi nitasema. Chumba chenyewe kinafungwa mapema! Saa kumi nakuta mtoto amekaa kizingitini na kikombe chake. Soko ndiyo kwanza linachangamka saa kumi. Nani aliwaambia saa kumi?"

Pini zikatetemeka. Nani aliwaambia? Fundi aliwaambia. Mtafiti wa mwaka juzi aliuliza saa ngapi ingefaa, na viatu vyake vilionyesha ana haraka.

"Na uji mwepesi," akasema dobi, amepata moto. "Unaona chini ya kikombe. Lakini dada, usiandike tukauawa, uji mwepesi ni bora kuliko hakuna."

"Naandika vyote viwili," dada akasema.

Basi wakafunguka, mmoja anamkata mwenzake. Kwamba bila chumba dobi alikuwa anafua na mtoto mgongoni mpaka mgongo ukagoma. Kwamba muuza nyanya alimfunga wake kamba kwenye mguu wa meza, akawa anaona aibu, akawa anaifunika kamba kwa kanga. Fundi akasikia hayo kwa mara ya kwanza, na duka lake liko hatua ishirini kutoka meza ile.

"Na zile wiki mbili za paa?" dada akauliza. "Majirani walisaidiana?"

Mama Kimya akaongea.

"Mimi nilimwacha wangu kwa jirani."

Fundi akasimamisha mguu kwenye kanyagio.

"Jirani mzuri. Ana heshima. Alisema, niachie, mtoto wako si wangu? Nikaenda kupakua mkaa. Kurudi, mtoto hayupo. Mtoto wa miaka miwili na nusu. Tukatafuta kwa muda wa saa mbili. Alivuka barabara. Gereji. Fundi magari mmoja akamwona chini ya lori, amelala, kivulini. Mwenye lori alikuwa amekwisha washa injini."

Mama Kimya akatazama viganja vyake vyeusi.

"Jirani gani huyo?" muuza nyanya akanong'ona, tayari kwenda kupigana.

"Haina haja."

Hapo ndipo Fundi Majibu alipoanza kutoa pini. Moja, akaichomeka kwenye mto. Ya pili. Angeweza kuziacha. Mama Kimya alikuwa amemfunika, na mfuniko ulikuwa umekaa sawasawa. Ya tatu, ya nne. Dada alimtazama lakini hakumzuia. Ya tisa ilikuwa imemchoma kidogo ndani ya mdomo, akaonja damu.

"Ni mimi," akasema. "Alicheza pale mlangoni. Mimi nilikuwa nahojiwa. Aliyekuwa akinihoji aliuliza, majirani mnasaidiana? Nikamwambia mtoto wa jirani ni wako. Kalamu ilikuwa inakimbia, nami nikaifuata. Nilipogeuka mlango ulikuwa mtupu."

Hakuongeza umoja, hakuongeza pindo.

"Sasa hata mjukuu wangu siwezi kukaa naye. Nasema ni kwa sababu ya pasi. Si pasi. Naogopa."

Muuza nyanya alifungua mdomo akaufunga, jambo ambalo lingestahili utafiti wake peke yake. Dobi akatazama chini.

"Nilijua ulikuwa unahojiwa," akasema Mama Kimya. "Niliona fomu mezani. Ndiyo maana sikupiga kelele. Mgeni alikuwepo."

"Ungepiga."

"Na wewe ungesema."

"Ndiyo, dada yangu," akasema Fundi. "Ningesema."

Mama Kimya akasogea kwenye benchi. Akapiga kiganja mahali palipobaki wazi, mara mbili, akaacha alama nyeusi ya mkaa kwenye sare ya mtoto wa mtu. Fundi akatoka nyuma ya cherehani akaenda kukaa hapo.

Sasa mwisho wa mwezi ukafika na barua haikufika. Walezi wakashusha kibao cha mlangoni, wakakiegemeza ukutani, wasijue wakirudishe ama wakigeuze meza. Binti alikuwa amekwisha mwambia mwalimu wake chuoni kwamba huenda asirudi. Kila asubuhi mama na binti walisimama mlango wa kijani wakitazama ng'ambo kama mlango umefunguka, na kila asubuhi walezi walifungua, kwa mazoea na kwa huruma, na Bosi alivushwa barabara akitoa amri.

Siku ya tisa Mwenyekiti akaja mbio, na Mwenyekiti si mtu wa mbio. Akasoma amesimama barabarani. Shirika limesoma ripoti, chumba hakifungwi. Kitabaki wazi mwaka mwingine mzima, na saa za kufunga zitasogezwa mpaka kumi na mbili jioni. Kuhusu uji, wazazi watapanga na walezi. Na kila baada ya miezi mitatu shirika litazungumza na wazazi wenyewe, "watu tofauti". Neno "tofauti" lilikuwa limepigiwa mstari mara mbili, na Mwenyekiti alipofika hapo alikohoa tena.

Binti akaenda chuoni siku hiyo hiyo bila hata kunywa chai. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, Fundi akamchukua Bosi yeye mwenyewe. Akamshika mkono barabara nzima, kwa nguvu, mpaka mtoto akalalamika: "Bibi, unaniumiza." "Vumilia, Bosi," akasema, na hakulegeza mpaka mlango wa kijani.

Muhtasari wa ripoti ulikuja baadaye, umefungwa pamoja na picha ya sketi iliyopindwa vizuri na neno "asante". Dereva alikuwa amerudi safari. Akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye orodha ya waliohojiwa, taratibu, mpaka akakifikia anachokitafuta.

"Mhojiwa wa sita," akasoma kwa sauti. "Mwanamke, fundi cherehani, miaka arobaini na sita." Akasoma tena kimoyomoyo. Halafu akasimama, akatoka nje na karatasi juu hewani.

"Jamani! Njooni mshuhudie! Imeandikwa 'ameolewa'! Nimefufuka!"

Fundi akacheka mpaka machozi, ya kweli haya. Na bado hajamaliza kuyafuta, akaingia kijana mpya, begi mgongoni, fomu mkononi, viatu vimepasuka pembeni.

"Shikamoo mama. Nimeelekezwa kwako, nafanya utafiti kuhusu mashirika na..."

Ulimi wa Fundi ulikuwa umekwisha inuka. Akaurudisha chini. Akachukua pini, moja, mbili, tatu, akaziweka mdomoni. Kisha akamsukumia kijana kikombe cha chai, na kwa ncha ya mkasi akamwonyesha ng'ambo, kwenye magunia, alipokuwa amekaa Mama Kimya.